Mpagazi wa Mke Wangu

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri, kisha nyosha kiganja kama mtu anayepokea maji ya kunawa. Sasa tulia, uhesabu taratibu mpaka kumi. Umehisi kitu? Hapana, hakuna anayehisi. Lakini katika muda huo mdogo chembe kama kumi, pengine zaidi, zimepita katikati ya kiganja chako, zikatokea upande wa chini, zikaendelea na safari zao ardhini. Zinaitwa myuoni. Nimefundisha fizikia sekondari hapa Tabora kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka nililianza somo hilo hivyo hivyo: viganja arobaini vimenyooshwa, darasa kimya, na kila mwaka alikuwepo mmoja wa nyuma wa kusema, "Mwalimu, mimi yangu imenikwama."

Nataka kukueleza jambo lililotokea stesheni, lakini bila hiyo chembe hutanielewa, kwa hiyo nivumilie kidogo. Hesabu yake ni ndogo, usiogope.

Myuoni huzaliwa juu sana angani, juu kuliko njia za ndege, pale miale inayotoka mbali huko nje inapoigonga hewa yetu. Ikishazaliwa haina maisha marefu. Chukua sekunde moja, ikate vipande milioni. Myuoni huishi vipande viwili tu na kidogo. Hata ikikimbia karibu sawa na mwanga, kwa muda huo ingekwenda mita mia sita au saba, kisha ife. Kutoka juu mpaka hapa ni kilomita kumi na zaidi. Ingepaswa kufia huko huko. Lakini inafika, umeipokea mwenyewe sasa hivi. Inafikaje? Ni kwa sababu kitu kinachokimbia namna hiyo, saa yake sisi tunaiona inakwenda polepole. Kwetu umepita muda mrefu. Kwake ni ule ule mfupi. Inatukuta tumeshazeeka kidogo, yenyewe bado changa.

Ili wanafunzi waelewe nilitumia mapacha. Huku kwetu pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, kwa hiyo sikuwa na haja ya kubuni majina. Doto anapanda chombo kinachokimbia karibu sawa na mwanga, anakwenda mbali, anarudi. Akishuka ana miaka ishirini na tatu. Kulwa aliyebaki nyumbani ana sitini na tano na anatembelea mkongojo. Mwaka mmoja msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, sasa huyo Doto akishuka, atamwamkia Kulwa shikamoo?" Darasa zima likaangua kicheko. "Atamwamkia," nikasema. "Adabu ni adabu hata ndani ya fizikia." Nililipenda sana swali lile, nikaliingiza kwenye somo, na miaka iliyofuata nikalisimulia kama mzaha wangu mwenyewe.

Mke wangu ni Mgogo wa Manyoni. Mimi ni Mnyamwezi, nimezaliwa Ipole kwa watu wa nyuki na tumbaku. Kama wewe si wa huku, jua kwamba Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na utani wetu ni wa tangu enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe mabegani kwenda pwani na kurudi na nguo, kwa miguu, na njia ilikatiza Ugogo, nchi kavu yenye visima vya kuhesabu. Mgogo alikaa penye kisima akasema: hupiti wala hunywi mpaka utoe hongo. Wakatoa mashuka, wakatoa shanga. Reli ilipokuja ikafuata njia ile ile karibu yote, na utani nao ukapanda treni. Mpaka leo Mgogo akimwona Mnyamwezi humwita mpagazi, Mnyamwezi naye humwita Mgogo mla hongo, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika.

Tulikutana stesheni ya Tabora. Nilikuwa ninatoka Dar es Salaam kuanza kazi, sanduku la vitabu liko kichwani, kwa kuwa mkono mmoja ulishika begi na wa pili ulishika muwa niliokuwa ninautafuna tangu asubuhi. Yeye alikuwa anasomea ukunga. Siku hiyo alikuja kupokea furushi la mlenda mkavu ambao mama yake humtumia kwa treni. Aliponiona akajiweka mbele yangu kabisa.

"Haya, msafara umerudi! Pembe ziko wapi?"

"Pembe zilibaki kwenu. Si mlitutoza mpaka maji?"

"Basi na hapa hupiti bila hongo."

"Hapa ni Unyanyembe, dada. Ugogo umeuacha Manyoni."

"Ugogo ni pale Mgogo aliposimama. Toa."

Nikamvunjia muwa. Akaugeuza, akatazama mahali nilipouma. "Wazee wenu walitoa mashuka. Wewe unatoa makombo?" Lakini aliuchukua, akautafuna pale pale huku akicheka, nami nimesimama na sanduku kichwani nisijue kama nimeruhusiwa kupita.

Miezi michache baadaye tukawa wachumba, na mimi nikapelekwa Dar kwenye mafunzo ya walimu wa sayansi. Nilimwambia ningerudi mwisho wa mwezi. Sikurudi. Mhadhiri mmoja alikuwa amejenga chombo kidogo cha kioo chenye mvuke wa spiriti uliopozwa sana, na ukikitazama kwenye giza huku ukikimulika kwa tochi, unaona mistari myeupe myembamba inatokea na kufutika. Chembe yenyewe huioni; unaona mahali ilipopita. Nilibaki wiki tatu zaidi kwa ajili ya mistari ile. Barua sikuandika. Nilijiambia kwamba barua na mimi tungefika siku moja, ya nini kumpa posta kazi.

Niliporudi hakuwepo stesheni. Nilimkuta bwenini kwao anafua. Akainua macho akasema, "Kumbe ulikuwa umesafiri?" Wenzake wakacheka. Nami nilicheka, na moyoni nikashukuru kwamba nimepata mwanamke asiyehangaika. Niliamini hivyo kwa miaka arobaini na moja.

Ugonjwa ulianza na vitu vidogo. Chumvi mara mbili, funguo ndani ya unga. Kisha akawa anamsemesha binti yetu kwa Kigogo, na mimi pia, wakati mimi nimeishi na Kigogo ndani ya nyumba miaka yote hiyo kama mtu anayeishi na redio ya jirani: ninaisikia, sijawahi kuisikiliza. Daktari alitueleza vizuri, bila haraka. Alisema kumbukumbu za karibu ndizo zinazotangulia kuondoka, za zamani hufuata. Binti yetu, ambaye amerudi kuishi nasi ili amtunze, akauliza, "Kwa hiyo anarudi nyuma?" Daktari akasema unaweza kusema hivyo.

Fizikia niliyofundisha inamruhusu mtu kwenda mbele. Ukikimbia vya kutosha utaifikia kesho ya wenzako ukiwa kijana. Mlango wa kurudi jana sijawahi kuufundisha, kwa kuwa hakuna aliyeuona. Mke wangu aliupata akiwa jikoni na sufuria mkononi.

Alikaa muda katika miaka ya watoto, akawa anatafuta nepi. Kisha akazidi kurudi, hata mimi nikaachwa upande huu. Alfajiri moja aliamka akaniona kitandani, akapiga kelele kwamba kuna mzee chumbani. Tangu siku hiyo ninalala sebuleni. Ndipo alipoanza kwenda stesheni. Siku za treni ya kutoka Dar anaoga mapema, anavaa kitenge kizuri, anatia kwenye kapu mayai ya kuchemsha na chupa ya maji, kwa kuwa msafiri hufika na njaa. Tulijaribu kumzuia akalia kama mtoto. Basi binti yetu akawa anamfuata kwa mbali, na pale stesheni mama mmoja muuza mihogo akawa anatusaidia kumtupia jicho.

"Anamngoja nani?" nilimuuliza binti yangu siku ya kwanza.

"Anamngoja mwalimu aliyekwenda mafunzo Dar." Akanitazama. "Baba, anakungoja wewe."

Nilijaribu kumwambia. Nilimwonyesha picha ya harusi. Aliipapasa kwa kidole, akasema bibi harusi amependeza, akanirudishia. Daktari tulipomweleza alisema tusimlazimishe. Na huko alikofika, alisema kwa upole, hatakaa sana. Ataendelea kupoteza mpaka asahau hata kungoja.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kungoja kwake ndicho kitu pekee cha mapenzi yetu kilichobaki kikiwa hai, nacho kilikuwa na muda. Nikataka jambo moja tu: nifike kabla hajaacha kuningoja.

Unaona sasa kwa nini nilikueleza habari za myuoni. Mwalimu wa fizikia akipewa tatizo hutafuta njia ya kulipima. Nikasema, anamngoja mtu wa kushuka kwenye treni. Basi nitashuka kwenye treni. Nitapanda gari asubuhi mpaka Goweko, kituo kilicho mashariki yetu, nipande treni hapo na kurudi nayo Tabora kama mtu anayetoka Dar. Binti yangu hakuubeza mpango huo. Alinipaka nywele dawa nyeusi jikoni, taulo shingoni, kisha akarudi nyuma hatua mbili kunitazama.

"Baba, umekuwa bwana harusi wa mtumba."

"Bwana harusi ni bwana harusi. Nipatie lile sanduku la vitabu."

"Sanduku? Kwa mgongo huo? Ukianguka nitauguza wawili. Nenda mikono mitupu, mama anataka sura, hataki vitabu."

Nikaona ana hoja. Nikaondoka na shati jeupe, mikono mitupu.

Nilipanda Noah ya abiria mpaka Goweko, nikaingoja treni, nikapanda. Nilisimama mlangoni karibu njia nzima, mtu wa miaka sitini na nane, moyo unanidunda kama wa mwanafunzi anayesubiri matokeo. Nje niliona tuta la reli mpya inayojengwa na vichuguu vyekundu na mizinga ya nyuki mitini, nikawa ninarudiarudia maneno nitakayosema. Alasiri tukaingia Tabora.

Alikuwa amesimama karibu na mahali pale pale aliponitoza muwa, kapu mkononi, shingo ameinyoosha. Binti yetu alikuwa kwa mama wa mihogo, mkono mdomoni. Nilishuka. Nilipita katikati ya watu na mizigo yao mpaka mbele yake, nikasema, "Nimefika."

Alinitazama usoni. Sijui kama unaweza kuelewa sekunde ile ilivyokuwa ndefu. Kisha akapiga goti kidogo, kama anavyofanya msichana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

Nililisikia darasa zima likicheka, miaka yote kwa pamoja.

"Marahaba," nikasema. Ningesema nini? Adabu ni adabu.

"Samahani, mzee, unaniziba. Kuna mtu ninampokea."

Nikasogea.

Abiria walitoka, wakapungua, wakaisha. Alitazama mlango wa behewa moja baada ya jingine. Akaketi kwenye benchi na kulikumbatia kapu. Nikaketi mwisho wa benchi hilo hilo. Niliyekuwa nikiwafundisha watoto mwendo wa nyota sikuweza kusogea hata nusu mita.

Mama wa mihogo alipaza sauti kutoka kwenye jiko lake. "Bibi, na leo hajaja? Wanaume wa treni hao! Olewa na wa basi!"

"Wa basi hana akili," mke wangu akajibu huku anajifuta macho. "Angekuwa nazo angepanda treni." Akacheka kidogo. Kisha akanigeukia, kwa huruma ya mtu ambaye naye ana shida yake. "Na wewe mzee, hujapokewa?"

"Sijapokewa."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu ni Ipole, kule Sikonge."

Uso wake ukabadilika. Uliwaka. "Mnyamwezi! Mnyamwezi ameshuka na mikono mitupu! Mzigo wako uko wapi? Babu zako wakikuona huko waliko wataficha nyuso."

"Mabega yamechoka, mla hongo wewe." Maneno yalitoka yenyewe.

Akacheka. Kilikuwa kicheko kile cha muwa, hakikuzeeka hata kidogo. Nami nikafanya kosa. Niliona mlango umefunguka nikataka kuingia mzima mzima. Nikasema, "Ni mimi."

Kicheko kikakatika. Akalivuta kapu kwake, macho yakawa ya yule aliyeamka alfajiri akakuta mzee kitandani. Jina langu lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

"Ni mimi mpagazi," nikasema. "Leta mzigo."

Alinipima kwa macho. Kisha akanikabidhi kapu. Hakunikabidhi kwa kuniamini mimi. Mgogo halazimiki kumjua Mnyamwezi kwa jina ili ambebeshe mzigo. Anahitaji kujua kwao tu.

Tukaondoka. Yeye alitangulia, mimi nyuma na kapu begani, binti yetu nyuma zaidi. Alikuwa anaongea bila kugeuka, kama wanavyoongea watu wanaotembea mmoja nyuma ya mwingine.

"Ni mwalimu," alisema. "Alisema mwisho wa mwezi. Hii ni treni ya sita ninayoipokea."

"Ya sita?"

"Ya sita. Bwenini wananicheka. Nimewaambia ninafuata mlenda."

Nilisimama. Wiki tatu, treni mbili kila wiki. Nikaelewa kwamba alikuwa amekuja stesheni kila treni, akarudi peke yake kila treni, na siku niliposhuka kweli alikuwa ameshachoka, yuko bwenini anafua. Hapakuwa na siku hata moja, katika siku zile alizorudia, ambayo mimi nilishuka akaniona. Hata ningepaka nywele rangi gani, nilikuwa nimesafiri kwenda siku ambazo mimi sikuwepo. Na sikuwepo kwa sababu nilikuwa kwenye chumba cha giza na tochi, ninatazama mistari ya vitu visivyoonekana.

"Mpagazi, mbona unabaki?"

"Ninakuja."

"Bila shaka yuko huko Dar anatazama vitu visivyoonekana," alisema. "Ndivyo alivyo. Akija sitamwambia kwamba nilimngoja. Nitamwambia, kumbe ulikuwa umesafiri?"

"Kwa nini usimwambie?"

"Mnyamwezi ukimwambia umemngoja, atadhani ameshamaliza hongo."

Nilitaka kumwomba radhi. Lakini mpagazi anaombaje radhi kwa niaba ya mwalimu? Nilihamisha kapu bega jingine, nikatembea.

Tulipofika getini kwetu aligeuka akalipokea. "Mpagazi haingii ndani," alisema, bila ukali. Akachagua yai moja, akaniwekea kiganjani. "Posho yako." Geti likafungwa.

Nilisimama nje ya nyumba niliyoijenga, nikalimenya yai, nikalila, maana sikujua la kufanya jingine. Binti yangu alifika, akanitazama. Akanizungusha mpaka mlango wa nyuma.

Tangu hapo sijapanda treni tena. Nywele zimerudi nyeupe. Siku ya treni ninatangulia stesheni, ninaketi mwisho wa lile benchi, na treni ikishaondoka ninasubiri anitukane. Siku nyingine ananitukana vizuri, tunarudi tukicheka. Siku nyingine ananipita kama nguzo, na binti yetu ndiye anayempeleka nyumbani. Siwezi kumleta huku wala siwezi kumfuata kule. Ninaweza kubeba kapu, likitolewa.

Juzi alisahau mayai. Kapu lilikuwa tupu, naye hakutazama mabehewa. Alikuja mwenyewe akaketi karibu yangu, akaniuliza taratibu, "Mzee, sisi tunamngoja nani?"

"Mwalimu," nikasema.

"Atakuja?"

Miaka thelathini na zaidi nimewakataza watoto wasijibu jambo wasiloweza kulithibitisha. "Atakuja," nikasema. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akanipa kapu lile tupu, nikalibeba begani kama lina uzito.

Mgongo wangu nao hauna ahadi. Ipo siku ya treni nitashindwa kufika. Kwa hiyo nikuombe wewe. Ukipita stesheni ya Tabora alasiri, umkute mama mzee amevaa kitenge kizuri, amesimama na kapu wakati abiria wote wameshaondoka, usimwambie treni imeshapita, wala usimuulize anamngoja nani. Mwamkie, mpokee kapu, liweke begani, kisha umwache atangulie.